Kiti cha Kijani Kwenye Kiwanja Namba Tisa

Mke wangu Georgene aliniwekea masharti matatu. Aliyatoa Jumapili mezani jikoni, mimi nikiwa na kolache, ile keki ya plamu, mdomoni, yaani alichagua wakati ambao siwezi kujibu. Alisema safari ya mwaka huu ndiyo ya mwisho au ndiyo ya kutuendeleza, na itakayoamua ni asubuhi moja tu. Akae kwenye kiti chake mlangoni pa gari, na kikombe cha kahawa, aone maji. Hilo la kwanza. La pili, asione gari la mtu mwingine mbele yake. La tatu, kiwanja cha kulala kisizidi dola ishirini, kwa sababu kama ni kulipa bei ya hoteli, afadhali alale hotelini, ambako kitanda kinatandikwa na mtu mwingine.

Nikishindwa kumpa asubuhi hiyo kabla ya Jumamosi saa sita mchana, gari-nyumba letu linauzwa. Mnunuzi alikuwepo tayari, kijana anayefanya kazi na binti yetu Rochelle. Alikwisha kulala chini yake na tochi, akafungua na kufunga kila kabati, akawasha jiko, akajaribu hata kitanda. Alikuwa anasubiri jibu Jumamosi hiyo. Sisi wawili tungehamia Lincoln karibu na Rochelle, ghorofa ya tatu, kwenye jengo lenye lifti na chumba cha kuchezea karata.

Sikuweza kumlaumu. Katika safari ya mwaka uliotangulia, kati ya siku saba, nne tulilala kwenye maegesho ya maduka makubwa. Ni bure, na hakuna anayekusumbua, lakini mandhari yake ni vitoroli. Georgene alipiga picha moja ya jua likizama, na juu ya jua kukawa na tangazo la matairi. Picha hiyo aliibandika kwenye jokofu akaiacha hapo mwaka mzima.

Lakini mimi ghorofani siwezi. Niliendesha mashine za ghala la nafaka kwa miaka thelathini na minane, na muda wote huo dunia yangu ilikuwa ngazi ya chuma na vumbi la mahindi. Nilipofika miaka arobaini na mmoja nilirudi shule, madarasa ya jioni, Jumanne na Alhamisi, nikamaliza sekondari nikiwa darasa moja na watoto wa wafanyakazi wenzangu. Nilipomaliza nikaona bado nina njaa, nikaongeza kozi ya miamba, kisha kozi ya kusoma ramani. Gari hili nililinunua wiki niliyostaafu ili niliyokuwa nimeyasoma nikayaone kwa macho. Georgene alisema lifti nitaizoea. Nikamjibu kwamba hata kuku wa bandani amezoea.

Jumatatu tukaondoka Nebraska kuelekea Wyoming, mimi kwenye usukani na ramani zangu za karatasi, yeye pembeni na simu yake. Simu hiyo ina programu ambamo watu huandika maoni juu ya kila kambi. Sina ugomvi na simu. Nina ugomvi na mtu anayejiita Babu Mvuvi, anayempa mahali nyota tano bila kusema kama ardhi ni mfinyanzi au changarawe. Ramani nzuri inakwambia yote. Mistari ya kontua, ile ya kuonyesha miinuko, ikiachana, ni tambarare. Ikibanana, utaamka asubuhi umeegemea jokofu. Na msitu wa serikali ni bure kwa siku kumi na nne, mradi uondoke na taka zako. Mtu anayejua kusoma, nyota za Babu Mvuvi za nini?

Siku ya kwanza nilipata mahali kwenye kona ya mto, miti imeanza kugeuka manjano, hakuna gari, hakuna malipo. Kulikuwa na reli ng'ambo ya maji. Niliiona kwenye ramani nikaichukulia kuwa reli ya zamani. Haikuwa ya zamani. Ilikuwa inapitisha makaa ya mawe, na kila treni ilipiga honi kwenye kivuko kilichokuwa hatua mia mbili kutoka kwenye mito yetu ya kulalia. Asubuhi Georgene alikuwa na pamba masikioni. Nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba masharti hayakutaja treni. Akasema kila behewa ni gari la mtu mwingine, na amehesabu mia moja na thelathini.

Jumanne tulipigwa na mvua, tukalala kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo wa mji mdogo, dola kumi, mbele yetu mabanda matupu ya ng'ombe. Maji aliyaona, kwenye birika la kunyweshea farasi.

Jumatano ndiyo niliyokuwa nimeiwekea matumaini. Kwenye ramani palikuwa na bwawa, rangi ya bluu safi, maili nne kwa urefu, na rasi ndogo iliyoingia majini ambayo kontua zake zilikuwa zimeachana vizuri kama mistari ya daftari. Tulifika alasiri. Nikaligeuza gari ili mlango uangalie bwawa, nikaweka mbao chini ya matairi mpaka povu la kipimo cha usawa likakaa katikati. Kisha nikashuka nikatazama.

Bwawa halikuwepo. Palikuwa na tope lililokauka na kupasuka vipande, na ile njia ya saruji ya kushushia mashua ilikuwa imeshuka, ikashuka, ikaishia kwenye tope. Ilikuwa Septemba. Wakulima walikwisha kulifungulia liende kwenye mahindi. Mtu aliyeishi Nebraska miaka sabini na saba, akafanya kazi kwenye ghala la mahindi, anapaswa kujua maji ya mahindi hutoka wapi.

Georgene alitoa kiti chake, akakikunjua, akaketi. 

"Baba Rochelle," akasema, "maji yako wapi?"

Nikamwambia yapo, mbele zaidi, kule kwenye kitu kinachong'aa.

"Kile kinachong'aa ni kioo cha gari."

Nikachukua darubini. Kweli, katikati ya bwawa palikuwa na pikapu iliyozama enzi za ujana wetu, sasa imefunuliwa, imeinamia upande mmoja, mlango wazi.

"Kwa hiyo maji hakuna," akasema, "na gari la mtu mwingine lipo. Umekosa mawili kwa mpigo mmoja. Haijawahi kutokea."

Nikamwambia bei ni sifuri. Alicheka mpaka akamwaga kahawa, nami nikacheka, lakini nilipokwenda kulala nilijua zimebaki asubuhi tatu.

Alhamisi tulipanda barabara ya msituni ambayo kwenye ramani ilikuwa mstari mzima, kumbe penyewe ni vipande. Ilibidi nirudi kinyumenyume maili moja, Georgene akitembea nyuma yangu na filimbi. Kilichovunjika ni kioo kimoja cha pembeni na mazungumzo. Tulilala mahali tulipofanikiwa kugeuza, uso kwa uso na lundo la magogo.

Ijumaa asubuhi akaniambia, kwa upole ulionitisha, kwamba nichague mahali ninapotaka kwa siku ya mwisho. Nilichagua kambi ya serikali kwenye Ziwa Tolliver. Ni ziwa la barafu ya kale, si bwawa la mtu, haliendi shambani. Bei ni dola ishirini na mbili, na kadi yangu ya wazee inaikata nusu. Viwanja ni kumi na viwili tu na havishikwi kwa simu. Anayefika kwanza ndiye anayepata. Tulifika saa tano asubuhi. Kilichobaki kilikuwa namba kumi na mbili, ubavuni mwa choo.

Au niseme hivyo ndivyo ilivyoonekana. Kwa sababu namba tisa, ambacho kilikaa peke yake kwenye ncha ya ardhi, maji pande tatu, mlima ng'ambo, hakikuwa na gari wala hema. Kilikuwa na kiti kimoja cha kukunja, cha kijani, kikiangalia ziwa.

Sisi watu wa magari-nyumba tunaweza kubishana juu ya kila kitu, lakini si juu ya kiti. Kiti kikiwa kwenye kiwanja, kiwanja kina mwenyewe. Amekwenda kuchota maji, amekwenda mjini kununua barafu, atarudi. Nimeona watu wakiacha viti vya dola mia mbili barabarani kutwa nzima, na hakuna aliyevigusa. Kwa hiyo nilipita polepole, nikakitazama kwa heshima, nikaenda kuegesha ubavuni mwa choo.

Saa tisa kiti bado kilikuwa peke yake. Nikaenda kukisalimia. Kwenye kitambaa cha kukalia palikuwa na majani ya msonobari. Kati ya miguu ya mbele buibui alikuwa amejenga, na si jana. Nikainama nikainua mguu mmoja kidogo tu. Nyasi chini yake zilikuwa nyeupe kabisa. Nyasi haziwi nyeupe kwa mtu aliyekwenda kununua barafu.

Msimamizi wa kambi alikuwa Duane Thorsgaard, mstaafu kutoka Iowa, mmoja wa wale wanaojitolea kwa kupewa kiwanja cha bure. Alikuwa anazunguka na kigari cha gofu chenye bendera. Nilimweleza niliyoyaona, nikamwambia kiti kile kina wiki mbili.

"Inawezekana kabisa," akasema. "Mimi nina siku kumi hapa, na nilikikuta."

Nikamuuliza kama kuna aliyelipia. Akasema hakuna bahasha yoyote ya namba tisa iliyoingia kwenye nguzo ya malipo tangu afike, na kwa sheria iliyo kwenye ubao, kiwanja kisicholipiwa ndani ya nusu saa ni wazi.

"Basi ni wazi."

"Kwa karatasi, wazi." Akavua kofia akajikuna. "Lakini kiti, ndugu yangu. Kule kwetu kuna bwana aliwahi kuhamisha kiti cha mtu. Mwaka wa themanini na tatu. Mpaka leo akiingia kanisani watu wanasogeza mikoba."

Nikamweleza kuhusu Jumamosi saa sita mchana. Sikupenda kumwambia mgeni mambo ya nyumbani kwangu, lakini nilimwambia yote, pamoja na lifti. Akasikiliza vizuri. Kisha akasema nikizunguka kambi nzima, nikamuuliza kila mtu, na kila mtu akasema si chake, yeye atageuza kigari chake aangalie upande mwingine.

Hapo nilitamani angeniomba nichimbe choo kipya. Mimi si mtu wa kuuliza. Mtu aliyeanza kujifunza akiwa na mvi anajua uso wa watu wanapomwona hajui. Nilikwisha kuuona mara za kutosha kwenye yale madarasa ya jioni, na tangu hapo kila jambo ninalitafuta mwenyewe kwanza. Nilisimama mbele ya namba moja kwa dakika nzima kabla ya kubisha.

Ilichukua saa mbili na nusu. Namba moja si chake. Alidhani ni cha msimamizi. Namba tatu si chake, lakini alinishika mkono akanionyesha betri zake za jua, moja baada ya nyingine, na waya zake. Namba tano walikuwa mabinti wawili wenye gari dogo la kulala, wakaniuliza kama mimi ndiye babu wa kuni. Namba nane, mama mmoja anayeitwa Bernadine, alisema kiti ni cha namba kumi, ana hakika, amemwona akikikalia. Namba kumi alikuwa mvuvi aliyekuwa akila soseji. Alisema hajawahi kukikalia. Mwenye kiti aliingia ziwani hakutoka, akasema, akaendelea na soseji. Nikamuuliza amejuaje. Akasema ameambiwa na Bernadine.

Nikarudi kwa Bernadine. Akakana kwa uso mkavu.

Kwa kifupi, milango kumi, na hakuna mwenye kiti. Kila mmoja alikuwa ameona kiwanja bora kuliko chake kimekaa bure siku zote hizo, kila mmoja alikitamani, na kila mmoja alikipisha. Niliporudi, Duane tayari alikuwa ameelekeza kigari chake kwenye choo na anakitazama choo kwa makini. Nikatia dola kumi na moja kwenye bahasha, bahasha kwenye nguzo, gari kwenye namba tisa. Kiti cha kijani nilikibeba kwa mikono miwili, nikakipangusa, nikakiweka pembeni ya meza kama mgeni. Buibui nilimhamishia kwenye kichaka.

 Georgene alikuwa dirishani muda wote niliozunguka, hilo nililiona, kwa sababu pazia lilikuwa wazi kila nilipogeuka.

Jumamosi niliamka kabla yake. Nilikiweka kiti chake mlangoni, nikakisogeza kushoto kidogo ili kigogo kisikate mlima. Ziwa lilikuwa kimya, ukungu umelala juu yake, bata wawili wanapita kati. Hakuna gari. Nikasikia birika linaanza kuchemka ndani. Zilikuwa zimebaki dakika mbili niwe mtu mwenye furaha.

Ndipo likaja gari dogo jekundu. Lilipita kambi nzima polepole, likaingia namba tisa kama linaloingia kwao, likaenda mpaka ukingoni mwa maji, likasimama katikati kabisa, baina ya kiti cha Georgene na ziwa. Akashuka bwana mmoja mrefu, umri wangu, ana flaski mkononi. Akatutazama mimi na gari letu kama mtu aliyekuta sofa jipya sebuleni kwake.

Nikamwendea karibu mbio. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, bwana mkubwa, nakuomba, liondoe gari lako, nitakueleza baadaye, liondoe tu.

"Mmekichukua," akasema. Alikuwa anatazama kiti. "Nilijua itafika siku. Wiki mbili na nusu. Sikutegemea zipite hata siku tatu."

Jina lake Wendell Oakes. Alikuja kwenye namba tisa kila Septemba kwa miaka ishirini na sita. Mwezi wa nne aliuza gari-nyumba lake, akahamia na mkewe ghorofani mjini, mwendo wa dakika arobaini. Mwezi huu alikuja kutazama tu, akakaa kwenye kiti chake, na wakati wa kuondoka mkono ulikataa kukikunja. Akakiacha. Tangu hapo anakuja anapoweza, alfajiri kabla watu hawajaamka, anakaa saa moja, anarudi, ila wiki nzima iliyopita hakupata nafasi.

Nilitaka kusikiliza, wallahi, lakini macho yangu yalikuwa mlangoni. Na mlango ukafunguka. Georgene akatoka na kikombe chake, akaketi, akatazama mbele. Mbele yake palikuwa na mlango wa nyuma wa gari jekundu, na kibandiko cha duka la chambo.

"Naona gari," akasema.

"Mama, samahani sana," Wendell akaanza.

"Wewe ndiye mwenye kiti?"

"Ndimi."

"Umezuia kiwanja cha watu wiki mbili na nusu kwa kiti kimoja?"

"Ndiyo, mama."

"Huna aibu hata kidogo."

"Ninayo. Ndiyo maana nakuja mapema."

Georgene akamwambia aketi basi, kwenye kiti chake hicho, asisimame kama mtoza ushuru. Akaingia ndani akamletea kolache mbili. Akamuuliza ghorofani kukoje. Wendell akafikiri. Alisema ni pazuri, mkewe ana nyonga mbaya na lifti inamsaidia sana, hawezi kusema vibaya. Chumba cha karata pia kipo. Kibaraza chao kinaangalia karakana ya kufunga breki, na yeye sasa anawajua mafundi wote kwa majina, na anajua nani hakazi nati.

Georgene akanywa kahawa. Ilikuwa saa mbili kasorobo. Nikaona heri nimalize mwenyewe.

"Masharti ni masharti," nikamwambia. "Hayakutimia. Nitampigia Rochelle mimi."

"Kaa chini, Emil."

Huwa ananiita Emil mara moja kwa mwaka, na si kwa mema. Nikakaa kwenye ngazi.

"Jana nimekuona ukibisha milango kumi," akasema. "Kofia mkononi. Miaka hamsini na miwili nimekaa kwenye kiti cha pembeni na mtu ambaye angezunguka kaunti nzima kuliko kushusha kioo aulize. Unadhani nimechoka na gari? Gari halina kosa lolote. Nimechoka kupotea na mtu anayesema hatujapotea."

Wendell akatazama ndani ya kikombe cha flaski yake kana kwamba kuna samaki.

Nikavua kofia. Georgene akatoa simu, akampigia Rochelle hapo hapo mbele yetu. Akamwambia amweleze yule kijana kwamba mwaka huu haliuzwi. Asubuhi yake hajaipata bado, kuna gari limekaa mbele, kwa hiyo baba yake hajamaliza kazi. Rochelle inaonekana aliuliza mpaka lini. Akasema hajui, inategemea kama baba yake atajua kuuliza, akakata.

Wendell alijitolea kuondoa gari. Georgene akasema aliache, amekwisha kulizoea. Ndipo yule bwana, kwa kutaka kulipa fadhila, akasema kama tunataka maji bila mtu hata mmoja, anapajua mahali, bure kabisa, ziwa dogo juu ya hili, maili tisa kwa barabara ya msitu. Hapaonekani kwenye simu ya mtu yeyote. Unapita daraja la mbao, akasema, halafu unakuta njia mbili.

Ziwa lile nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelizungushia duara kwa penseli tangu Alhamisi, na njia hizo mbili nimezipima kwa rula. Nikafungua mdomo. Georgene akageuka akanitazama, kikombe kimesimama hewani.

"Baada ya daraja," nikamuuliza Wendell, "tunashika kulia au kushoto?"

Akasema kushoto. Mimi nilikuwa nimechora kulia.